Miguu Yangu Mgongoni kwa Baba

Nikiwa mtoto pale Tura, watu walikuja kwetu kukanyagwa. Nilizaliwa nimetanguliza miguu, ndiyo maana nikaitwa Kashindye, na kwetu Unyamwezini waliamini miguu ya mtoto wa namna hiyo huondoa maumivu ya mgongo na misuli. Bibi alinipaka mafuta ya karanga nyayoni, mgonjwa akalala kifudifudi mkekani, nami nikapanda.

Baba, mzee wa kanisa, hakutaka hata kusikia. Jirani yetu Mama Raheli alikuja siku moja, mgongo umekaza kwa kulima. Baba akamrudisha mlangoni, akamwambia akamwombe Mungu, siyo nyayo za mtoto. Mama wa watu akaondoka ameinama vile vile.

Kisha ikaja mechi ya wazee na vijana wa kanisa. Baba, ambaye hakuwa amekimbia miaka mingi, alicheza hadi filimbi ya mwisho. Kesho yake, Jumapili, mapaja na mgongo vilimkaza akashindwa hata kuketi, na zamu ya kuhubiri ni yake. Mama akamkanda kwa maji ya moto, wapi. Mwishowe baba akasema niitwe, na mlango ufungwe.

Niliona haya kumkanyaga mtu niliyetoka kumwamkia shikamoo.

"Panda, mwanangu," alisema, uso mkekani. "Taratibu."

"Kumbe leo nyayo za mtoto hazina dhambi," bibi akamtania mwanawe.

Alihubiri amesimama wima. Tulipotoka, Mama Raheli akamuuliza amepona na nini, maana jana alitoka uwanjani anachechemea.

"Ni maombi, mama," baba akasema. Alikuwa amenishika mkono. Akanivuta tukaondoka upesi.

Jioni aliniita. "Nenda kamkanyage Mama Raheli. Mwambie nimekutuma mimi, na kwamba asubuhi na mimi nilikanyagwa."

Nikaenda, nikamkanyaga. Alipouliza kama baba anajua, nikasema hajui, nimekuja mwenyewe. Akanikumbatia, akasema nina moyo kuliko baba yangu, nami nikaona raha. Nyumbani nikasema ujumbe umefika.

Baba alimngoja Mama Raheli aje waongee, hakuja. Sasa baba tumeshamzika, na Mama Raheli bado anamhesabu kuwa mtu mgumu.

Siku hizi najua ni kule kukandwa kunakolegeza misuli, hata kwa mikono ya mtu yeyote. Kwa Mungu nimekwisha kuungama. Kwa Mama Raheli bado. Huwa naenda kumkanda mgongo, na kila mara yeye hushukuru kwamba sikumfuata baba kwa ugumu. Nami nazidi kukanda, nimeinamisha uso.