Shangazi na Swali la Uhakika

Shangazi yangu ni karani wa masjala katika idara ya maji. Miaka ishirini na saba amekaa kwenye dirisha lilelile, na katika miaka yote hiyo hajawahi kusema ana uhakika. Ukimuuliza kama jana ilikuwa Jumanne, atakujibu, "Inasemekana."

Mafaili anayajua kwa sura. La mabomba ya sokoni lina doa la chai lenye umbo la sikio. La mnara wa maji limefungwa kamba ya kiatu. Mwaka huu yote yakaingizwa kwenye kompyuta, yakageuka vibahasha mia tatu vya manjano, vimefanana kama mapacha waliovishwa sare. Kisha mkuu wa idara akatangaza: Ijumaa atapita dirisha kwa dirisha, na karani atakayeshindwa kutoa faili ndani ya dakika moja atahamishiwa stoo ya mabomba, chini ya ngazi.

"Mimi na mabomba hatujawahi kusikilizana," Shangazi aliniambia.

Nilichemka. Miaka ishirini na saba, halafu mtu ashindwe na kibahasha! Tena mimi ndiye niliyetengeneza programu ya kumwezesha mtu yeyote kupanga na kupamba kioo cha kompyuta yake apendavyo. Tangu chuoni nimeamini kwamba kompyuta ndiyo imfuate mtu, na atakayebisha aje tubishane. Jumatatu nikamwekea.

Jumatano nikapita kumjulia hali. Kioo kilekile, vibahasha vilevile.

"Shangazi, mbona hujapanga?"

"Nimepanga mara tisa. Programu yako imesahau mara tisa. Imerithi kichwa chako."

Nikavuta kiti nitazame. Alikuwa amepiga picha rafu yake ya mbao kwa simu, akaitandaza kwenye kioo kizima. Akaburuta vibahasha, akaviweka kwenye rafu pale pale mafaili yanapokaa siku zote. Kimoja akakipa picha ya doa la chai, kingine ya kamba ya kiatu. Machozi yalinilengalenga. Ndipo likachomoza swali: "Je, una uhakika unataka kuhifadhi mabadiliko haya?"

Shangazi akavuta pumzi, akabonyeza "Hapana". Kila kitu kikayeyuka.

"Shangazi! Kwa nini Hapana?"

"Imeniuliza kama nina uhakika. Sina. Unataka nidanganye mashine ya ofisi?"

"Programu zote huuliza hivyo!"

"Basi zote hazina adabu. Mtu amepanga mpaka jasho linamtoka, unamuuliza ana uhakika? Mgeni akishakula, utamuuliza ana uhakika ameshiba?"

Programu ile nilikuwa nimeijaribu kwa wenzangu wa chuo, watu wanaobonyeza "Ndiyo" kabla swali halijaisha kuandikwa. Shangazi alikuwa mtu wa kwanza duniani kulisoma.

Nikalifuta swali palepale. Nikaacha vitufe viwili tu: "Weka" na "Rudisha ilivyokuwa". Shangazi akapanga mara ya kumi na moja, akabonyeza "Weka" kwa kishindo, kama anagonga mhuri. Rafu ikabaki.

Ijumaa nilisimama kwenye foleni ya dirisha lake, nikijifanya nina bomba lililopasuka. Mkuu akafika, macho kwenye saa.

"Mnara wa maji. Anza!"

"Rafu ya pili, kushoto," Shangazi akanong'ona, mkono ukaenda wenyewe. Sekunde nne.

Mkuu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Hii ni nini? Kamba ya kiatu?"

"Ndiyo, mkuu. Yako. Uliifungia faili hili ulipokuwa karani mwenzangu hapa, ukashinda wiki nzima ukiburuta kiatu."

Foleni ikacheka. Mkuu akatazama viatu vyake, akakaza uso. "Una uhakika hili ndilo faili lenyewe?"

Niliona kabisa stoo ikifunguliwa.

Shangazi akalifungua faili kwenye kioo. "Hapana," akasema. "Lisome."

Mkuu akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika kwenye sahihi yake mwenyewe ya zamani. Akachukua kalamu, akaandika kwenye orodha yake: abaki dirishani. Akapiga hatua mbili, akarudi, akashusha sauti.

"Hiyo kamba yangu, bado ipo?"

"Inasemekana," Shangazi akajibu. "Mwingine!"