Milamula Mitano ya Kaagya

Nakumbuka Jumamosi moja ya manyunyu, mwanangu, ukungu wa ziwa umepanda mpaka Kitendaguro, na wanawake wa kikundi chetu cha bustani wamekaa uani kwangu wanakunywa chai. Tulikuwa kumi. Lakini vikombe vilivyotoka jikoni vilikuwa kumi na kimoja, na kila kikombe kilikuwa mkononi mwa mtu.

Nimeanzia katikati. Nisamehe, uzee una haraka zake. Nirudi nyuma kidogo.

Ninyi mnatumiana picha za maua kwenye simu, na mche mnaletewa na pikipiki mpaka mlangoni. Sisi tulitembeleana. Kila Jumamosi ilikuwa zamu ya mmoja wetu: tunafika kwake, tunakagua bustani, tunasifia, tunasengenya kidogo (ndiyo, tulisengenya, hatukuwa malaika), na kila mgeni anakuja na mche aliouzungushia jani la mgomba. Sharti letu lilikuwa moja. Ukitoa mche, unasema umetoka kwa nani. "Huu ni wa shangazi yangu wa Muleba." "Huu nilipewa na jirani kabla hajahama." Mche usio na mwenyewe haukupokelewa. Bi Zaituni, mwenyekiti wetu, Mwislamu wa mjini ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa mkali kwa sharti hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Mimi niliona ni maneno ya wazee tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa juzijuzi, na zamu yangu ya kwanza inakaribia. Ua wangu ulikuwa mtupu. Halafu nilikuwa Mhaya wa mjini, nimekulia nyumba za kupanga. Kibanja, shamba la migomba la ukoo, nilikijua kwa kwenda kula ndizi za sikukuu. Mume wangu alikuwa mtu wa Tabora. Nyumba nzima hapakuwa na wa kuniambia kitu.

Nikaenda Kaagya kutafuta samadi. Nikiwa njiani nikaona kibanja kilichoachwa. Nyumba imefungwa, bati limeshuka upande mmoja, migomba imekonda, mibuni imekuwa msitu. Lakini katikati ya migomba ile dhaifu ilisimama milamula mitano, ule mti wa majani marefu yanayoning'inia ambao watu wetu huupanda mpakani. Hii haikuwa mpakani. Ilisimama huku na huku, bila mstari, minne inanifika kiunoni na begani, mmoja mdogo wa magotini. Ilikuwa na afya nzuri mno, na mashina yake yalionyesha kuna mkono uliokuwa ukiipunguza. Mahali pale palikuwa kimya. Hata ndege sikumsikia. Nami, kwa ujinga wangu, nikafurahi kwamba hakuna wa kuniona.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Niling'oa yote mitano na mizizi yake. Na kwa kuwa nilijiona mkulima safi, nilifukia mashimo, nikasawazisha udongo, nikatandaza majani makavu ya migomba juu yake mpaka usingejua kama jembe limepita. Kijana wa baiskeli aliyenibeba alilalamika njia nzima. "Mama, umefunga nini kwenye hicho kitenge? Hii baiskeli ni nzito kama nimepakia watu." Nikamwambia aangalie barabara.

Niliipanda kwa mstari mmoja mbele ya nyumba, ikapendeza kweli. Ila kuanzia wiki ile, wazee waliopita njiani walishusha sauti wakifika kwangu. Mmoja alivua kofia. Mama mmoja muuza senene aliniita langoni, akaniambia kwa heshima, "Pole sana, waitu," akaondoka bila kuuza. Mume wangu akaniuliza, "Kwani hapa amefariki nani?" Tukacheka. Usiku sikucheka tena, lakini asubuhi niliimwagilia kama kawaida.

Miezi miwili ikapita, ndipo ikafika ile Jumamosi ya vikombe kumi na kimoja.

Wa kumi na moja alikuwa bibi mwembamba, amejifunga khanga kichwani, miguu mitupu ina matope. Kila mmoja wetu alidhani amekuja na mwenzake. Alikunywa chai yake yote taratibu, akashukuru, akainuka, akaenda kwenye mstari wa milamula. Akashika shina la kwanza kama unavyomshika mtu bega.

"Huyu ni baba mkwe wangu," akasema. Akasogea. "Huyu ni mama mkwe. Huyu ni shemeji yangu. Na huyu aliyepinda ni mume wangu, hata akiwa hai alikuwa na mgongo."

Akafika kwenye ule mdogo, akapiga magoti kwenye matope.

"Na huyu ni Rwiza. Alikuwa na miezi minane."

Mwanangu, nywele zilinisimama. Alikuwa anatutambulisha kwa watu wake, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nimewapanga mbele ya nyumba yangu wawapendeze wageni. Ndipo Bi Zaituni akaniuliza mbele ya wote swali ambalo alipaswa kuniuliza tangu mwanzo: "Hii miti imetoka kwa nani?"

Bibi hakufoka. Jina lake lilikuwa Mama Rwiza. Aliitwa kwa jina la mtoto yule maisha yake yote. Alikuwa amehamia kisiwani Bumbire kwa binti yake aliyeolewa na mvuvi. Sasa alijiona anaishiwa nguvu, akarudi Kaagya kuwaonyesha ndugu mahali atakapolazwa, kando ya mtoto wake. Katika ukoo wao makaburi hayakuwa na saruji wala msalaba. Mlamula ndio uliosema nani yuko wapi. Alipofika alikuta majani yametandazwa vizuri. Kijana wa baiskeli alipoulizwa akakumbuka mzigo wake, akamleta mpaka kwangu.

"Sikutakii ubaya, mwanangu," akaniambia. "Nionyeshe tu mashimo."

Kesho yake tulienda wote, kikundi kizima, na milamula ile imefungwa vizuri safari hii. Ile minne haikutusumbua sana. Mizizi yake ilikuwa mikubwa, na mvua ilikuwa imeshusha udongo pale nilipofukia. Tukairudisha, Mama Rwiza akiielekeza kila mmoja mahali pake. Lakini mlamula mdogo ulikuwa na mizizi ya kiganja tu. Shimo lake halikuacha alama. Na yeye mwenyewe, macho yake yalikuwa yamefifia, mibuni imeota, bati la nyumba limeshuka. Kila alichokuwa akipimia kwa macho kilikuwa kimebadilika. Akanitegemea mimi.

Nilitembea kibanjani tangu asubuhi mpaka saa nane, naye nyuma yangu hatua mbili, namsikia anavyohema. Nikisimama, anauliza, "Ndipo hapa?" Nasema bado. Na mara tatu, mwanangu, nilisikia mtoto analia upande wa nyumba. Sauti ndogo, ya mtoto aliyechoka kulia. Mara tatu niliwauliza wenzangu, wakasema hawasikii kitu. Labda alikuwa mbuzi wa jirani. Nimejiambia hivyo miaka yote hii.

Sikuifuata ile sauti. Niliogopa, nilikuwa nimechoka, mvua inaanza, na nilitaka mambo yaishe. Nilikuwa upande wa pili kabisa, karibu na mbuni mkubwa. Mama Rwiza akauliza tena, "Ndipo hapa?"

Nikasema, "Ndipo."

Akaupanda mwenyewe kwa mikono yake. Akaupapasa udongo kama anayemlaza mtoto, akanibariki. Alinibariki, mwanangu! Mikono yake kichwani pangu, nami namdanganya.

Njiani nilimweleza Bi Zaituni. Alisimama katikati ya barabara na mvua ile. "Kung'oa miti ulikosa kwa kutojua," akasema. "Hili la sasa unalijua. Rudi ukamwambie hujui." Nikasema nitarudi Jumamosi. Jumamosi nikasema ijayo. Mama Rwiza akafariki kabla mibuni haijachanua, akazikwa kando ya ule mlamula mdogo ambao mahali pake nilipathibitisha kwa mdomo wangu. Nilikuwepo. Nilitupa udongo wangu kama wengine, na sikuweza kuinua macho kuangalia upande wa nyumba.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Wangu alikuja na hajaondoka. Mpaka leo sijui kama mama yule amelala na mwanawe, au na mizizi ya mbuni tu.

Basi sikiliza, wewe unayeanza kushika jembe na kukusanya miche. Kuuliza si ujinga. Kabla hujang'oa kitu, hata mahali ambapo hapana mtu, tafuta aliyepaacha umuulize pana nini, maana kibanja hakiwi kitupu kwa sababu nyumba imefungwa. Na ukishakosea, kwa kuwa utakosea, usizibe kosa kwa neno "ndiyo" ili mambo yaishe. Sema, "Sijui." Mama Rwiza angelia, angenilaani labda, kisha tungeendelea kutafuta pamoja kesho yake. Nilimnyima ile kesho. Na ukiambiwa rudi ukaseme kweli, nenda siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha.

Mungu abariki mikono yako na kila utakachokipanda. Akupe miaka mingi juu ya udongo huu wetu mwekundu. Na siku utakapolala chini yake, abaki mtu mmoja mkweli anayepajua mahali pako.