Nilikata Neti Nyekundu, Shemeji Akabeba Lawama

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikianza na maelezo nitajitetea mpaka nionekane mwema.

Mimi ni mtu wa ng'ombe, naishi Gorong'a. Nyanya hazikuwa kazi yangu. Zilikuwa kazi ya mke wangu Rhobi na shemeji yangu Nyangi, mjane wa marehemu mdogo wangu. Wanawake hao waliolewa kwenye mji wetu, yaani boma letu, karibu wakati mmoja, wakawa chanda na pete. Mdogo wangu alipofariki, Nyangi alibaki palepale mjini kwetu, na banda la nyanya ndilo lililomsimamisha. Alikula jasho lake, hakuomba hata chumvi kwa mtu.

Banda lenyewe lilifunikwa kwa neti nyekundu. Bwana shamba aliyeileta alituambia kwamba nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoleta rasta, ugonjwa unaokunja majani ya nyanya, hutafuta mmea kwa macho. Mwanga ukipita kwenye ile rangi unabadilika, mdudu anapotea, haoni anachokitafuta. Hata dawa ya kupuliza ikapungua. Lakini alisisitiza pasiwe na upenyo hata kidogo, na mlango ufungwe kila mara. Kufunga mlango jioni ikawa kazi ya Nyangi.

Mimi nilisikia nusu. Nilichokishika ni kwamba neti nyekundu inafukuza wadudu.

Sasa, nilikuwa na ndama jike, mtoto wa ng'ombe wangu bora wa maziwa. Nzi walimjaa machoni mpaka macho yakaanza kutoa usaha. Mwenye ng'ombe atanielewa. Siku ya soko, wanawake wakiwa wameondoka, nilizunguka nyuma ya banda kwenye majani marefu, nikakata kwa kisu kipande kirefu cha neti upande wa chini. Nikakipeleka bondeni, kwenye zizi dogo la ndama ambako wao hawafiki, nikakizungushia pale.

Nilijiambia nitamwomba bwana shamba kipande kingine. Sikuomba. Na wale nzi wa ndama wala hawakuijali ile rangi, waliendelea kumla macho kama kawaida. Ujinga wangu!

Siku zikapita, asubuhi moja Rhobi akatoka bandani ameshika tawi la nyanya. Majani yalikuwa yamejikunja, yamepauka.

"Baba Marwa, rasta imeingia," alisema. "Nyangi anaacha mlango wazi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Badala yake nikasema, "Muulize mwenyewe."

Wakaulizana, wakagombana, na maneno yakatoka nje ya mji. Watu wakaanza kusema mjane ana kijicho, kwamba ameona mwenzake ana watoto wa kiume na yeye hana. Nilisikia yote hayo. Nilichofanya ni kushuka bondeni, nikaifungua ile neti zizini, nikaitia moto.

Nyangi akapita na ndoo yake ya maji.

"Unachoma nini, shemeji?"

"Takataka."

Aliangalia ule moto. Pembe moja ya neti ilikuwa bado haijaungua, nyekundu kabisa. Akabadilisha mkono wa kushikia ndoo, akaenda zake. Toka siku ile nikawa namkwepa hata kwenye njia ya choo.

Baba mkubwa akaita kikao cha ukoo. Nyangi alisimama akasema mlango alikuwa anaufunga kila jioni. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye mji. Sema unachokijua."

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, nami nimekaa kivulini. Nilimwangalia Rhobi, nikawaangalia wazee walionizoea kuwa mtu wa kuamua kesi za wenzangu, nikaona aibu itakayonipata.

"Mura, kijana wangu, shemeji yako anakuuliza," baba mkubwa alisema.

Nikajibu, "Habari za mlango anazijua anayeufunga."

Kikao kikamtwika Nyangi lawama. Alikusanya vitu vyake, akaenda kwa kaka zake kule Mbalibali. Mjane aliyekaa kwetu miaka yote ile kwa heshima, akaondoka kama mwizi, kwa neno langu.

Rhobi alipokuja kung'oa nyanya zilizokufa ndipo akafika kule nyuma. Alirudi akasimama mbele yangu.

"Pale pamekatwa kwa kisu. Ni nani?"

Nikamwambia. Alikaa chini palepale kwenye udongo. "Nimemtukana mwenzangu kwa ajili ya ndama," alisema. Halafu akaniambia nisimwombe msamaha yeye, niende Mbalibali.

Nilienda. Nyangi alinipa kiti, akanisalimia, "Shikamoo, shemeji," vilevile kama zamani. Marahaba ilinishinda. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Nilikuona ukichoma," alisema. "Nilijua kabla ya kikao."

"Mbona hukusema?"

"Mjane amwite mwenye mji mwongo, nani angemwamini? Nilikupa nafasi useme mwenyewe."

Nikamwomba arudi nyumbani. Alitikisa kichwa.

"Mimi umeniambia ninachokijua. Waambie wasiojua. Baba mkubwa akiwepo, na watu walewale. Bila hivyo nirudi kama nani?"

Hajaniomba kingine. Nami nimeahirisha. Mara mvua, mara msiba, mara ndama anaumwa. Rhobi ananipakulia chakula na kuondoka. Nikimwona baba mkubwa njiani, namwamkia, tunaongea habari za malisho, basi.

Leo nimewaandikia ninyi msionijua, majina nimebadilisha. Nilidhani nikimaliza nitapata nafuu, lakini sijaipata.

Ndugu yangu unayesoma, ukikosa, usitafute mtu rahisi wa kumwambia. Simama mbele ya walewale waliokusikia ukidanganya. Mimi nimeungama kwa mke wangu, nimeungama kwa Nyangi, sasa nimeungama kwenu, na Nyangi bado yuko Mbalibali.