Jogoo wa Mama na Mkono Wangu wa Mpira

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi ningekuwa nyinyi ningecheka, ila aibu niliyoipata siku ya mavuno kanisani kwetu Rhotia haijanitoka mwilini mpaka leo, na kila nikisikia jogoo anawika nainamisha macho kama mtu aliyefumaniwa.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka Karatu na begi moja, nikaosha masufuria ya Wajerumani mchana, nikasoma jioni, nikarudi na diploma ya elektroniki (ipo ukutani sebuleni, karibuni mwione), tena nikiwa nimefanya kazi kwenye karakana ya watu wanaotengeneza roboti laini, siyo zile za chuma, bali za mpira, zinazojikunja kama nyungunyungu. Wenzangu walinunua magari ya kupeleka watalii Ngorongoro. Mimi nilirudi na akili.

Nikamkuta mama amepooza mkono wa kulia. Maumivu hakuyasema sana, kilichomtesa ni kingine: kwetu hutoi kitu kwa mkono wa kushoto, si kwa mgeni, si kwa mtoto, sembuse kwa Mungu, kwa hiyo tangu augue sadaka yake ilipelekwa na jirani, mama mwenyewe anakaa benchi la nyuma, mkono ameuficha ndani ya khanga.

"Tluway mwanangu," akaniambia, "siku ya mavuno nataka nitoe jogoo mwenyewe. Wewe unishike tu huu mkono kwa chini, tutoe wote."

Nikacheka. "Mama, sikwenda Ulaya ili nije kukushika mkono. Nitakutengenezea mkono."

Na kweli nikautengeneza, glavu ya mpira yenye vidole vinavyojaa hewa kutoka kwenye pampu ndogo ya betri, na mgongoni mwa kila kidole nikapitisha waya mwembamba nilioukunjakunja kama vile vijikamba vya mmea wa boga vinavyojizungusha kwenye uzio, maana kijikamba kile ukikivuta kinarefuka bila kukatika, na waya nao ni hivyo hivyo. Kazi yake ni kuipa pampu habari kwamba kidole kimekunjika vya kutosha, basi, acha. Mama alikuwa anashika gunzi la mahindi, analiachia, anafuta machozi, analishika tena.

Asubuhi ya siku yenyewe, ukungu umetuteremkia kutoka msitu wa Ngorongoro, waya mmoja ukakatika wakati namvalisha. Kukunja mwingine kunataka subira, na kengele ilikuwa inalia. Nikaweka uliokuwa umenyooka, nikajaribu kwa gunzi, ukafanya kazi.

"Mbona huu haujajikunja kama wenzake?" mama akauliza.

"Mama, mwenye diploma ni nani?"

Sasa gunzi ni nene. Miguu ya jogoo ni myembamba.

Mbele ya madhabahu mama akanyoosha mkono wa kulia, mimi nikageuka niwatazame watu (ndiyo, nilitaka kuziona nyuso zao), na Mchungaji akanyoosha mikono apokee. Hakupokea kitu. Vidole vilikuwa vimejikunja hadi mwisho, ule waya ulionyooka ukakatika, pampu haikupata habari, ikaendelea kusukuma hewa na glavu ikaendelea kubana.

"Achia, mama," Mchungaji akanong'ona.

"Siyo mimi, Mchungaji. Ni huu mkono."

Jogoo akapiga mabawa, akaangusha kikapu cha mayai ya watu, na nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mama Tluway anamnyima Mungu jogoo!" Kanisa likaanza kucheka. Nikakimbilia betri, nikaichomoa, na hapo ndipo nikaharibu kabisa, maana bila umeme valvu ya kutolea hewa inabaki imefungwa na hewa haina pa kutokea. Ikabidi mzee wa kanisa atoe kisu achane mpira, na hewa ikatoka kwa mlio ule ambao mtu mzima hautoi mbele ya watu. Hata kwaya ilishikana mabega kwa kicheko.

Mama hakucheka, wala hakulia. Aliurudisha mkono ndani ya khanga, akatembea peke yake hadi benchi la nyuma. Ibada ilipokwisha, nje kwenye mnada wa mazao, yule jogoo anachechemea, dalali akapaza sauti, "Huyu kapigwa shoti na injinia!" Tangu siku ile stendi ya Karatu naitwa Injinia Jogoo.

Nilimwahidi mama glavu nyingine, yenye nyaya zote zilizokunjwa.

"Iache, mwanangu," akasema. "Nimechoka kutazamwa."

Mavuno yaliyofuata hakuyafikia.

Diploma bado ipo ukutani, na kazi naijua, hapo sibishani na mtu. Lakini nimeapa, mtu akiniomba nimshike mkono, nitamshika kwanza, mengine baadaye. Wa mama niliushika siku ya kumuaga, kabla jeneza halijafungwa: nikapitisha mkono wangu chini ya ule wa kulia, kama alivyoniomba, nikauinua kidogo. Haukuwa mzito hata kidogo.