Mitihani Niliyoisahihisha

Laiti ningemkatalia pale pale. Nilikuwa karani wa idara katika chuo kikuu kimoja hapa Kisumu, mtu wa kidato cha nne tu, na mhadhiri alinitupia mezani bahasha nono ya mitihani ya wanafunzi wake pamoja na mwongozo wa majibu.

"Mzee, nisahihishie hizi. Wiki hii nafundisha Busia na Kakamega."

"Daktari, mimi sikusoma haya mambo."

"Kwani wewe kipofu? Ukiona neno la mwongozo, weka tiki. Usipoliona, sufuri. Hata mimi hufanya hivyo!"

Akacheka. Nilimjua. Darasani alionekana mara mbili au tatu kwa muhula. Siku moja nilimkuta ofisini akila samaki, akapangusa vidole kwa insha ya mwanafunzi. Alinitia kinyaa. Lakini nikakubali, na nisidanganye: kalamu nyekundu ilinipendeza. Nilisahihisha miaka mitatu.

Kisha akaja binti wa dada yangu, kutoka Otonglo. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni kwetu.

"Mjomba, nimefeli somo moja. Sitahitimu. Naomba karatasi yangu iangaliwe upya."

Mitihani yetu ilikuwa na namba bila majina. Nilitafuta yake kabatini na kukuta tiki zangu, zimelalia kushoto kama ninavyoandika siku zote. Swali la tatu alikuwa amelijibu kwa kurasa mbili, kwa maneno yake mwenyewe. Neno la mwongozo halikuwamo. Nilikuwa nimempa sufuri.

Tuliingia kwa mhadhiri pamoja. Hakuifungua hata karatasi.

"Dada, hii nilisahihisha mwenyewe, neno kwa neno. Mzee huyu ni shahidi. Ama namna gani, Mzee?"

Msichana alinigeukia.

"Ni kweli, Daktari," nikasema.

Alirudia mtihani kwa mhadhiri yuleyule, akafeli tena, akaacha chuo. Sikuitafuta karatasi yake ya mara ile kuona kama tiki zilikuwa zangu tena. Niliogopa kujua.

Nilipostaafu nilikwenda Otonglo kumweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisirudi nyumbani kwao. Mama yake, dada yangu wa pekee, hajazungumza nami tangu siku hiyo. Binti yake hana digrii aliyoistahili, na mimi nimebaki bila ndugu.