Baba wa Kwenye Karatasi

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Tuliachana kwa makubaliano. Lakini pale kijiweni Runzewe ninapoendesha bodaboda, hakuna swali linalonishinda. Ndiyo ugonjwa wangu. Siku moja nikajibu swali lisilonihusu.

Mpangaji mwenzetu, mama wa Kirundi aliyeolewa hapa miaka mingi, aliugua. Mpwa wake akaja kumwona kutoka kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini, cha wiki mbili tu, kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kama hirizi. Mume wake alibaki kambini. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na mtoto akaona wa tisa ni mbali.

Mke wangu alikuwa mnadani, shangazi yake mgonjwa hajiwezi, basi nikampakia mimi hadi kituo cha afya. Nesi akafungua daftari.

"Jina la baba?"

Dada wa watu anauma kanga, hawezi kujibu. Nikawaza, wakijua ni mkimbizi watamweka nyuma. Nani aliniambia? Hakuna. Nikajipiga kifua.

"Mimi hapa, sista!" Nikataja majina yangu yote matatu.

"Hongera, baba," nesi akasema. Kijiweni nikanunulia watu soda.

Kesho yake nikamkuta kitandani kashika tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa, anasoma jina langu.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimekusaidia, dada. Una mtoto Mtanzania sasa!"

"Mtoto wangu ana baba. Ningeonyesha kadi yangu ya ukimbizi. Mkimbizi anatibiwa, kaka, na mtoto wake anaandikwa. Ni haki yetu. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani nampa kitu, kumbe nimempokonya alichokuwa nacho. Nesi akasema karatasi ikishatoka yeye haruhusiwi kuifuta, twende wilayani kwa msajili. Kibali kilibakiza siku mbili. Dada akarudi kambini na mtoto wake, na jina langu.

Wiki haijaisha, simu ikaita. Nilikuwa nakula, nikaweka sauti ya nje.

"Wewe ndiye baba wa mwanangu?"

Mke wangu akaacha mwiko kwenye sufuria.

Nikaanza kucheka. Yule mume hakucheka. "Ofisi imekataa kumweka kwenye kadi ya familia," akasema. "Wanasema ana baba Mtanzania. Siku tukihamishwa, ndugu yangu, mtoto asiye kwenye kadi yetu anabaki na nani? Na wewe?"

Mke wangu ndiye aliyejibu: "Yaya! Yaya!" Kisukuma chote cha kukataa. "Baba watoto, hawa wanne hujamaliza kuwalea, unazaa kwa mdomo?"

Wilayani nikaambiwa nikaape mahakamani kwamba si mimi. Karani wa mahakama akanitazama juu ya miwani.

"Ulidanganya kwa nini?"

"Nilikuwa natania, mheshimiwa."

"Utani huo watu wanafungwa, unajua?"

Nilijua wakati huo huo. Wazo la kutoka nje nikawashe pikipiki lilinijia, sitaficha. Pikipiki ilikuwa pale, naiona mlangoni. Nikaweka sahihi, imepinda mpaka karani akauliza kama kweli nilifika hicho kidato cha pili nilichomtajia.

Kiapo nikakituma kwa basi, picha nikatuma kwa simu. Sijakamatwa. Lakini ofisi ya kambini wanasema bado wanakiangalia. Kila Ijumaa napiga. "Bado," mume ananijibu. Miezi sasa. Mtoto ameanza kukaa.

Ijumaa iliyopita nilimsikia akilia nyuma ya sauti ya baba yake.

"Mwanao huyo, mbembeleze," yule mume akasema, akamwekea simu sikioni. Sijui alitania au la. Kilio kikakatika, nikasikia pumzi tu, anasubiri. Mimi ninayeongea na kila abiria mpaka anashuka kabla ya kufika.

"Mrudishie baba yako simu," nikamwambia.