Ukuta wa Shangazi Limi

Kila asubuhi, kabla ya kuingia chumba cha mbu, Lukresia hunusa viganja vyake. Harufu ya sabuni huwavuruga mbu, na yeye ndiye anayewalea katika kituo kimoja cha utafiti hapa Kahama. Akimaliza vyake, hunusa na vya Asteria, mwenzake.

Mwaka huu kituo kilianza kujaribu dawa mpya ya kupulizia ukutani, inayotarajiwa kuua mbu wa malaria bila kudhuru watu. Aliyechaguliwa kwenda kupulizia nyumba za Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, na kuzipima kwa mbu wa kituo, ni Asteria. Lukresia alibaki na mabeseni ya viluwiluwi.

"Unanuka vumbi," alimwambia mwenzake aliporudi.

"Vumbi la dhahabu hilo, dada. Nikukung'utie kidogo?"

Lukresia hakucheka. "Mbu nimewalea mimi tangu mayai," aliniambia. "Halafu anayepanda nao gari ni yeye."

Jumapili moja alikwenda Mwakitolyo kwa shangazi yake, Limi, ambaye nyumba yake ilikuwa imepuliziwa. Siku hiyo walikuwa wanakuja watu wa kumposa binti wa Limi, wazungumzie ng'ombe wa mahari. Kuta zilinuka udongo mbichi na kinyesi cha ng'ombe.

"Shangazi, umesiriba juu ya dawa?"

"Ulitaka wageni wakae wanatazama yale madoa meupe, ng'wanawane, mwanangu? Waseme nyumba hii haina wanawake?"

Lukresia akaenda kusonga ugali.

Wiki iliyofuata Asteria alibandika vikombe vya mbu kwenye ukuta ule, aone kama dawa inaua. Udongo ulishakauka, hakuona tofauti. Kesho yake mbu wote walikuwa wazima. Mkuu wao, Pantaleo, alisema Asteria hajui kupulizia.

"Lukresia, jiandae. Safari ijayo unakwenda wewe."

Ndicho alichokitaka. Alirudi chumba cha mbu, akaanza kuwawekea maji ya sukari. Asteria akaja, macho mekundu, akanyoosha viganja vinuswe kama kawaida. Lukresia akavinusa. Kisha akaiweka chini chupa ya sukari, akamfuata Pantaleo, akamweleza habari ya shangazi na wageni wake.

Ukuta ulipuliziwa upya, na safari hii mbu walikufa. Aliyepulizia ni Asteria.

Nilimuuliza Lukresia kama wivu umekwisha.

"Haujaisha," alisema. "Leo tena amepanda gari."